Ngozi Ikiwa Nyeusi Usikatize Mionzi: Maswali na Majibu kwa Wagonjwa wa Saratani ya Matiti na Jamaa Zao

Maswali haya huulizwa kila mara na akina mama wa Malindi, Mambrui, Gede na Watamu wanaoandikiwa mionzi baada ya upasuaji wa titi, na mengine huulizwa na waume, mabinti na mawifi wanaowasindikiza. Swali la kukatiza matibabu limejibiwa kwa urefu na kwa kurudiwa, kwa sababu ndilo linalotupotezea wagonjwa ambao wangepona.

Tiba ya mionzi ni nini?

Ni miale yenye nguvu inayotolewa na mashine iliyo nje ya mwili ili kuua chembe za saratani zilizosalia kwenye titi, kifuani au kwapani. Mgonjwa hulala kwenye kitanda kigumu, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, na baada ya dakika chache huvaa nguo zake akaondoka. Wakati wa kupigwa mionzi hakuna sindano wala maumivu.

Uvimbe umeshatolewa na kidonda kimepona. Mionzi ni ya nini tena?

Daktari wa upasuaji huondoa kile anachokiona, ilhali chembe chache zinazobaki hazionekani kwa macho na hazimuumi mtu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, uliojumuisha wanawake zaidi ya 10,000 waliotolewa uvimbe na kubakishiwa titi, ulionyesha kwamba katika miaka 10 saratani iliwarudia takriban 35 kati ya kila 100 ambao hawakupata mionzi, na 19 kati ya kila 100 walioipata. Aliyeondolewa titi zima huenda asihitaji mionzi, lakini hilo huamuliwa na daktari kwa kutazama ukubwa wa uvimbe na tezi za kwapani. Haliamuliwi na jirani.

Nijitayarishe vipi?

Anza na mkono. Mashine inahitaji mkono ulioinuka juu ya kichwa, na mama aliyekaa wiki kadhaa ameukunja mkono kifuani kwa kuogopa kidonda hawezi kuulaza pale kitandani, hivyo hurudishwa nyumbani akaunyooshe kwanza. Mara daktari wa upasuaji anapokuruhusu, simama ukielekea ukuta, tembeza vidole kupanda juu kidogo kidogo, kisha weka alama mahali ulipofika ili kesho upapite. Fanya hivyo kila siku, hata baada ya mionzi kumalizika.

Pili, panga mahali pa kulala. Mionzi hutolewa siku 5 kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kawaida vipindi 15 au 16 katika wiki 3 hivi, au vipindi 25 katika wiki 5, na wengine huongezewa vichache mahali uvimbe ulipokuwa. Mashine iliyo karibu nasi iko Mombasa, katika Hospitali ya Rufaa ya Pwani ambayo wengi bado huiita Makadara, na kutoka Malindi ni mwendo wa kilomita zipatazo 120. Kwenda na kurudi kila siku kwa matatu humchosha hata mzima. Jamaa walioko Kisauni, Bamburi au Mtwapa waombwe mapema, na shughuli za SHA, yaani bima ya afya ya serikali, zikamilishwe kabla ya siku ya kwanza, si asubuhi ya siku yenyewe.

Tatu, ikiwa kuna uwezekano wowote wa mimba, sema kabla hujapigwa hata picha ya kupimia. Usione haya.

Hizi alama za wino zilizochorwa kifuani ni za nini?

Ndizo zinazomwonyesha mtaalamu mahali pa kuelekeza miale, palepale kila siku. Usizisugue kwa dodoki, na zikififia usizichore upya mwenyewe, mwambie mtaalamu.

Ngozi imekuwa nyeusi na inabambuka. Si bora nipumzike wiki mbili nyumbani, kisha nirudi?

Hapana. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi ya mengine yote. Ngozi huanza kubadilika katika wiki ya pili au ya tatu: huwa nyeusi au nyekundu, huwasha, hukauka, na chini ya titi au kwapani inaweza kubambuka na kutoa majimaji. Mabadiliko hayo yanatarajiwa, ingawa ngozi ikitoa majimaji uje kliniki siku hiyohiyo itibiwe. Huzidi mpaka wiki moja au mbili baada ya kipindi cha mwisho, kisha wengi hupona katika wiki chache. Mgonjwa asiyeelezwa haya hudhani ameunguzwa, hupanda gari arudi Malindi, na tunapomwona tena miezi imepita.

Kipimo cha mionzi hugawanywa katika vipindi kwa sababu chembe nzima za mwili hujirekebisha kati ya leo na kesho vizuri kuliko za saratani. Ukikatiza wiki mbili, chembe za saratani zilizosalia hupata nafasi ya kuzaliana, na nguvu ya vipindi ulivyokwisha kuvumilia hupungua. Ngozi inayouma hutibiwa huku mionzi ikiendelea, na ikihitajika kusimama, anayesimamisha ni daktari wa mionzi baada ya kukutazama. Si shangazi, wala si mganga.

Na ikiwa kuna arusi au matanga?

Hapana. Nenda Jumamosi.

Vimebaki vipindi vinne tu na najisikia vizuri. Siwezi kuviacha?

Hapana. Kipimo kilipigwa hesabu kwa vipindi vyote, na vinne hivyo ni sehemu ya hesabu hiyo. Ukikosa siku moja kwa gari kuharibika au mashine kusimama, piga simu kliniki siku hiyohiyo ili daktari apange namna ya kukifidia kipindi hicho. Kunyamaza ndiko kunakoharibu.

Nipake nini kwenye ngozi?

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, kisha paka losheni uliyoelekezwa na kliniki, na hiyo tu. Kila mara hutujia mama mwenye mchanganyiko wa manjano, habasoda na asali uliokaukia kwapani na kushikamana na leso, na inatubidi kuulowesha kwa maji ya chumvi ya hospitali kwa muda mrefu ndipo leso itoke bila kuondoka na ngozi. Mchanganyiko huo aliletewa kwa mapenzi, hatukatai, lakini kidonda kilichokuwa kidogo sasa kina usaha. Liwa, dawa za kuchua, krimu za kujichubua, kukanda kwa maji ya moto na kufukiza udi kifuani, vyote viache.

Vaa nguo laini ya pamba ndani ya buibui, sidiria isiyo na waya, au usiivae kabisa ukiwa nyumbani. Kwenye gari, weka leso iliyokunjwa kati ya mkanda na kifua. Jua la Malindi lisipige mahali hapo, na bahari iache mpaka ngozi ipone.

Naweza kumbeba mjukuu na kulala na mume wangu?

Ndiyo. Mionzi hii haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, imekwisha. Kumtengea mgonjwa sahani na kikombe chake ni ukatili usio na sababu yoyote.

Nywele zitanyonyoka?

Za kichwani hazinyonyoki kwa mionzi ya kifua. Za kwapa la upande unaotibiwa huweza kunyonyoka.

Nachoka kupita kiasi. Na saumu je?

Uchovu ni wa kawaida na unaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya kumaliza. Tembea kidogo kila siku, lala mchana, na waachie wengine kuteka maji na kukuna nazi. Kula samaki, maharagwe, mayai na mboga, na unywe maji ya kutosha. Mgonjwa ana ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani na kulipa baadaye, kwa hiyo zungumza na daktari kabla mwezi haujaandama.

Ni dalili zipi zisizosubiri?

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, ngozi iliyochunika na kutoa majimaji, au mkono kuvimba ghafla: njoo siku hiyohiyo. Kikohozi kikavu au pumzi kubana huweza kutokea hata miezi kadhaa baada ya mionzi, na hapo mweleze daktari kwamba ulitibiwa kifua, kwa maana asipojua anaweza kukutibu homa ya mapafu ya kawaida tu. Barua ya kumaliza matibabu na karatasi za tarehe za kliniki ziweke pamoja na kitambulisho chako, na uje nazo kila unapoonwa, hata kama umekuja kwa ajili ya malaria.