Msiba haukumlainisha Achilles: dhana potofu kuhusu Iliad

Dhana: Kufiwa na Patroclus ndiko kulikomfundisha Achilles huruma.

Hii nimeisoma kwenye insha za wanafunzi juu ya Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Wagiriki na mji wa Troy, hadi imenichosha. Mpiganaji wa Kigiriki mwenye moyo wa jiwe anafiwa na swahiba wake, uchungu unamlainisha, anamrudishia mzee Priam, mfalme wa Troy, maiti ya mwanawe Hector, yamekwisha. Hadithi tamu, ila Homer hakuitunga.

Kwanza, huruma alikuwa nayo tangu zamani. Alipomuua Eetion, baba yake Andromache, mke wa Hector, hakumvua silaha. Aliuteketeza mwili wake pamoja nazo kwa heshima na kumjengea kaburi. Watu wa Troy aliowateka, wengi aliwaacha hai akawauza ng'ambo. Mmoja wao ni Lycaon, mwana wa Priam, aliyekamatwa usiku shambani kwa baba yake, akauzwa Lemnos, kisha akakombolewa. Siku ya 12 tangu arudi nyumbani anakutana tena na Achilles, mtoni, na safari hii Patroclus ameshakufa. Lycaon anamshika magoti, anamsihi. Achilles anamjibu waziwazi: kabla ya kifo cha Patroclus alipenda kuwahurumia watu wa Troy, sasa hata mmoja hatapona. Tena anamwita rafiki! Afe tu, kwani Patroclus alimzidi ubora naye amekufa, na siku ya Achilles mwenyewe inakuja. Anamchoma upanga, anamtupa mtoni aliwe na samaki.

Basi msiba ulimpokonya huruma. Hali chakula, haogi. Vijana 12 wa Troy anawachinja kwenye kuni za kumchomea Patroclus. Maiti ya Hector, aliyemuua Patroclus na kuuawa na Achilles, anaifunga nyuma ya gari lake la farasi na kuiburuta mara tatu kulizunguka kaburi la rafiki yake, na kukicha tena hivyo hivyo, mpaka Apollo analalamika mbele ya miungu wenzake kwamba mtu huyu ameiua huruma.

Kuitoa maiti, anakubali kwa sababu Zeus, mkuu wa miungu, ameamuru, na Thetis, mama yake, ndiye aliyeleta amri. Huo ni utii. Huruma inarudi baadaye, usiku, Priam anapoingia kambini, akaibusu mikono iliyowaua wanawe, na kumwambia: mkumbuke baba yako. Achilles anamkumbuka baba yake Peleus, mzee aliyebaki nyumbani akimngoja mwana wa pekee ambaye hatarudi. Wanalia pamoja, Priam akimlilia Hector, Achilles akimlilia mara baba yake, mara Patroclus.

Na hata hapo simba hajalala. Priam anapoharakisha apewe mwanawe, Achilles anamkemea asimchokoze, asije akamuua humo humo ndani. Anaagiza maiti ioshwe kando, kwa kuwa mzee akiiona huenda akashindwa kuzuia hasira, naye Achilles akashindwa kuzuia mkono wake. Kisha anaiinua mwenyewe, anailaza kitandani, anamwomba Patroclus asimkasirikie, anarudi kumbembeleza mzee ale. Hapa ndipo ninapomwona Achilles mkubwa kuliko popote: anaijua hatari iliyo ndani yake na anaizunguka. Ukikisoma kitabu cha 24 bila kukipitia cha 21, chenye kisa cha Lycaon, hutaiona. Anzeni na Lycaon, nawasihi.

Dhana: Baada ya hapo aliacha vita.

Wapi? Anamuuliza Priam anahitaji siku ngapi za mazishi. Siku 9 kuomboleza, ya 10 kuzika, ya 11 kujenga kaburi, ya 12 vita, ikibidi. Achilles anakubali kusimamisha mapigano kwa muda huo, hakuna zaidi.

Dhana: Shujaa wa Kigiriki halii.

Achilles analia mbele ya mama yake katika kitabu cha kwanza kabisa. Agamemnon, kiongozi wa Wagiriki, analia mbele ya jeshi. Hata farasi wa Achilles wanamlilia Patroclus.

Dhana: Hakuweza kujeruhiwa ila kisiginoni.

Katika Iliad hakuna habari hiyo. Asteropaios, mpiganaji wa upande wa Troy, anamjeruhi mkono na damu inamtoka. Kisa cha kuchovywa katika Styx, mto wa kuzimu, ili asijeruhiwe, tunacho kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 BK. Na yule farasi wa mbao ambaye Wagiriki walijificha ndani yake ili kuiteka Troy, mnayemtafuta kila mwaka, humu hayumo. Yumo katika Odyssey, utenzi mwingine wa Homer.