Cheti cha hakimiliki hakijui biti ilitoka wapi

Msanii ana cheti cha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, mkononi, ana risiti ya M-Pesa ya studio, na bado prodyuza ameiuza biti ileile, ule muziki wa chini ya sauti, kwa msanii wa mtaa wa pili. Halafu swali linakuja kwa hasira: "Si nilisajili?" Ulisajili, ndiyo. Ulisajili maneno yako mwenyewe kwamba kila kitu ni chako, na hakuna ofisa aliyetumwa studio kwenda kuuliza. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno.

La kwanza nalipita mbio. Hakimiliki haizaliwi ofisini. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya iliingia 1993 na Tanzania 1994, hautaki haki itegemee usajili. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, wimbo unalindwa ukishaandikwa au kurekodiwa, hata kwa simu jikoni sufuria zikigongana. Tanzania wamekwenda mbali zaidi: kutungwa tu kunatosha. Haya, kathibitishe mahakamani bila rekodi. Usajili ni ushahidi wa tarehe na wa madai yako, na mpinzani akija na ushahidi wenye nguvu zaidi, cheti chako kinakaa pembeni.

Na ISRC si hakimiliki! Zile herufi na tarakimu 12 unazopewa na msambazaji wa nyimbo mtandaoni zinatambulisha rekodi moja tu. Remix inapata zake. Utunzi una nambari nyingine, ISWC, inayoanza na T.

Sasa biti. Ndani ya wimbo mmoja mna mali mbili: utunzi, yaani maneno na melodi, na rekodi yenyewe. Mwenye rekodi, kwa sheria ya Kenya, ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi, na hapo risiti yako ya studio ina kazi. Utunzi ni wa aliyetunga. Biti yenye besi inayotembea na kinanda kinachojibu sauti yako nayo ni utunzi, na hukuutunga wewe.

Hapo wajuaji hunitajia kifungu cha 31: kazi iliyoagizwa huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wamekubaliana vingine. Kweli kabisa, ila wanalipita neno "iliyoagizwa". Je, biti ilikuwepo kabla hujavuka kizingiti cha studio? Kama prodyuza alifungua folda akakuchezea biti 15 nawe ukaipenda ya 9, hukuagiza kitu. Ulichagua. Na kifungu cha 33 kinasema uhamisho wa hakimiliki, pamoja na leseni ya kipekee, hauna nguvu bila maandishi yaliyotiwa saini. Ruhusa ya kawaida, isiyo ya kipekee, yaweza kuwa ya mdomo. Basi shilingi 8,000 zako zilinunua ruhusa ya kawaida, na mwenzako akilipa 8,000 kesho anapata ruhusa hiyohiyo. Unamwita prodyuza mwizi bure.

Na kama alianza na biti ya folda, kisha akabadilisha ngoma na kuongeza gitaa kwa ajili yako? Sina jibu safi. Sehemu imeagizwa, sehemu haikuagizwa, na sitaweka pesa yangu upande wowote. Hata aliyepanga kiki na sneya pekee, yaani milio ya ngoma, sijui kama ni mtunzi; mdundo wa chakacha hauna mwenyewe. Ule mgao wa 50 kwa 50 unaosemwa studio ni desturi tu, haimo kwenye sheria. Na ujumbe wa WhatsApp, je, una saini? Usikubali kulijaribu hilo mbele ya jaji.

Kwa hiyo karatasi kwanza, tovuti ya usajili baadaye. Sentensi moja inatosha: "Mimi, mwenye kitambulisho nambari fulani, namhamishia fulani hakimiliki yote ya utunzi na ya rekodi katika biti ya wimbo huu, kwa malipo ya shilingi 8,000 niliyoyapokea." Tarehe, saini zenu, shahidi mmoja. Chini yake andika mgao mara mbili: utunzi ujumlike 100, rekodi ijumlike 100 peke yake. Mwenzako wa kolabo aliyeandika ubeti wake anaingia kwenye utunzi hata kama hajatoa senti. Aliyeimba tu mistari yako haingii.

Kwenye fomu ya usajili tumia jina la kitambulisho, la usanii likae kando. Pandisha toleo litakalotoka, si demo, na maneno yote, kibwagizo pia. Kichwa kiwe kimoja kila mahali: "Nipe Muda", "Nipe Mda" na "Nipe Muda Official" mfumo unaziona nyimbo tatu, na mrabaha, yaani malipo ya wimbo kutumika, huishia humo. Halafu KECOBO haikusanyi mirabaha. Kazi hiyo ni ya mashirika yanayopewa leseni na KECOBO, na orodha hubadilika, basi iangalie kabla ya kujiunga.

Biti ya kukodi mtandaoni usiiweke Content ID, ule mfumo wa YouTube unaotambua rekodi na kuidai. Wenzako waliokodi hiyohiyo watapata madai yako, nawe yao.

Walio Marekani, au wenye wasikilizaji wengi huko: wimbo wa kigeni unaweza kufikishwa mahakamani bila usajili wa kule. Lakini fidia iliyopangwa na sheria ya kule, ya dola 750 hadi 30,000 kwa kazi huipati kama hukusajili kabla ya wizi, au ndani ya miezi 3 tangu wimbo utoke. Je, wimbo uliotoka Nairobi na Texas kwa dakika moja kupitia intaneti ni wa kigeni? Mawakili wenyewe hawaelewani.

Prodyuza akikataa kutia saini ya uhamisho, wimbo bado unatoka. Muombe ruhusa ya kawaida kwa maandishi, sajili maneno na melodi ya sauti yako, na kwenye nafasi ya mtunzi wa ala andika jina lake.