Je, wajua kwa nini mwangalizi wa mhadhara huandika dakika badala ya maoni?

Mhadhiri anatoka ukumbini akiwa na hakika kwamba leo amewashirikisha wanafunzi: kauliza maswali, kawapa nafasi. Mwenzake aliyekuwa amekaa nyuma ana karatasi yenye mistari kama hii:

4:17:05 – "Kuna swali?"
4:17:06 – anafuta ubao
4:21:40 – "Kwa nini jibu hapa ni hasi?"
4:21:42 – anajibu mwenyewe

Sekunde moja, kisha mbili. Karatasi haisemi "unaharakisha", na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Ukimwambia mtu anaharakisha, atakutolea sababu kumi. Ukimwonyesha saa, atanyamaza na kuisoma.

Jambo hili ni la zamani. Katika miaka ya 1970, Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alipima ukimya unaofuata swali la mwalimu katika madarasa ya sayansi ya shule, akakuta kwa kawaida ni kama sekunde moja tu. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliokaa kimya walipungua. Mwenyewe aliyesimama mbele hawezi kuliona hili, maana kichwani ana mfano unaofuata, muda uliobaki na projekta inayosumbua. Kwake sekunde 2 za kimya ni kama karne.

Lakini si kuna dodoso la wanafunzi mwisho wa muhula? Lipo, ila linafika wakati waliolijaza wameshaondoka, na linapima walivyojisikia. Utafiti uliofanywa katika masomo ya fizikia Chuo Kikuu cha Harvard na kuchapishwa 2019 ulionyesha kuwa wanafunzi waliofanyishwa kazi darasani walifaulu zaidi kwenye jaribio kuliko waliosikiliza mhadhara laini, huku wenyewe wakidhani wamejifunza kidogo.

Chombo kinachojulikana sana cha kurekodi mhadhara kinaitwa COPUS, kilichotolewa 2013 na watafiti wa vyuo vikuu vya British Columbia na Maine. Kipindi hukatwa vipande vya dakika 2, na katika kila kipande mwangalizi huweka alama kwenye misimbo 25 ya matendo, kama vile: mhadhiri anaeleza, anauliza, anazunguka, wanafunzi wanasikiliza, wanajadiliana, wanajibu. Mafunzo yake huchukua kama saa moja na nusu. Ila COPUS haikuambii kama maelezo yalikuwa sahihi au swali lilikuwa la maana. Inaonyesha muda ulikwenda wapi, basi.

Hata bila chombo rasmi, kazi inafanyika. Siku moja au mbili kabla, kaeni dakika 15 na mhadhiri achague jambo moja la kuangaliwa, mawili yakizidi. Mwangalizi afike mapema, akae nyuma kwa pembeni aone mikono na skrini za wanafunzi, na mhadhiri awaambie kuwa anayeangaliwa ni yeye, si wao. Ukumbi ukiwa na watu 200 usijaribu kuwaona wote. Chagua kumi waliokaa karibu karibu, kisha kila baada ya dakika 10 hesabu wangapi wanaandika na wangapi wako kwenye simu.

Wengi huharibu kwenye uandishi wenyewe. "Wanafunzi walichoka" ni tafsiri. "4:35, sita kati ya kumi wameweka kalamu chini, mhadhiri yuko kwenye slaidi ya 22" ni rekodi, na mhadhiri mwenyewe ndiye atakayekumbuka kwamba slaidi hiyo ina fomula nne. Kosa jingine huwapata waangalizi wa fani ileile: wanaanza kusahihisha somo na kusahau darasa. Mtu wa fani nyingine mara nyingi huona zaidi, kwa kuwa yeye naye anapotea palepale wanafunzi wanapopotea.

Mrejesho utolewe ndani ya siku mbili, kumbukumbu ikiwa bado mbichi, na mhadhiri aanze yeye kusema kipindi alikionaje. Uchambuzi wa watafiti Kluger na DeNisi wa 1996, uliokusanya tafiti nyingi za mrejesho, ulikuta kuwa zaidi ya theluthi moja ya mirejesho ilishusha ufanisi. Maelezo yao ni kwamba hatari huongezeka macho yanapohama kutoka kwenye kazi kwenda kwa mtu. Kwa hiyo "wewe ni mwalimu mzuri" haisaidii sana kuliko "huna mvuto". Zote zinamzungumzia mtu. Na karatasi hii ikishaingia kwenye faili la kupandishwa cheo, uangalizi umegeuka ukaguzi: utaonyeshwa kipindi kilichopambwa, na hutajua kesho yake kinafundishwaje.

Kutoka kwenye rekodi nzima, chukueni badiliko moja tu. Mhadhiri wa ile karatasi anaweza kuacha "Kuna swali?" na badala yake aseme: "Andikeni jambo moja ambalo halijaeleweka, mna dakika moja." Wiki mbili baadaye mwangalizi anarudi na saa yake, kupima hiyo dakika moja kama kweli ilifika sekunde 60.