Wanafunzi wa sanaa na historia ya sanaa: nafasi zipo, fomu ndo zinawaangusha

Kila dirisha la maombi likifunguliwa malalamiko ni yale yale, eti ufadhili ni wa watu wa sayansi, eti ukisoma historia ya sanaa huna pa kuomba, eti majina yanapangwa mapema. Msimu huu yamezidi, ndo maana sisi wa kitengo cha ufadhili tumeona tuandike. Ukweli ni kwamba maombi mengi hayafiki hata mbele ya jopo, yanakwama kwenye ukaguzi wa awali kwa sababu faili halifunguki au barua ya mhadhiri haijafika, na hapo kipaji chako hakuna aliyekigusa.

Kwa shahada ya kwanza mnaweza kuomba ruzuku ndogo za utafiti, hela ya vifaa, mafunzo kwa vitendo makumbusho na kwenye galari, kwenda kusoma muhula chuo kingine, au kumsaidia mhadhiri kwenye utafiti wake. Za nje zipo pia ila someni vigezo jamani. Peggy Guggenheim Collection, makumbusho ya sanaa ya Venice, Italia, inachukua wanafunzi kutoka nchi mbalimbali, lakini mafunzo kwa vitendo ya Getty Marrow kule Marekani, yaliyoanza 1993, ni ya wanaosoma au kuishi Los Angeles County, kwa hiyo ukiwa nje ya hapo ukajaza fomu kurasa zote umepoteza wiki yako bure.

Sasa potifolio, yaani picha za kazi zako unazoambatanisha na ombi. Tunapokea picha ya mchoro mzuri kabisa imepigwa kwa flashi, katikati kuna doa jeupe la mwanga, pembeni inaonekana kona ya kitanda, na faili linaitwa "mpya mpya final 2". Mwanajopo hawezi kuhukumu rangi asiyoiona. Weka kazi ukutani karibu na dirisha mchana, jua lisiipige moja kwa moja, zima flashi na taa za ndani maana mwanga wa aina mbili unaharibu rangi, kamera iwe usawa wa katikati ya kazi na isiinamie upande, halafu kata kila kisichokuwa kazi yenyewe. Kwa sanamu piga pande kadhaa na picha moja ya karibu. Maelezo yaandikwe hivi: jina la kazi, mwaka, malighafi, vipimo kwa sentimita, urefu wa kwenda juu kwanza ndo upana ufuate, na kina kama kipo. Kazi ya kikundi sema wewe ulifanya nini hasa.

Wa historia ya sanaa shida yenu ni nyingine, mnaandika "nataka kutafiti uchongaji" halafu mnashangaa kukosa. Uchongaji upi? Taja vitu vyenyewe, hata vitatu tu vinatosha, viko makumbusho gani, namba zake za usajili, na kama umeshamwandikia msimamizi wa mkusanyo akakubali uvione. Ombi la namna hiyo jopo linalisoma mpaka mwisho. Na msiseme hamna pa kuanzia: makumbusho ya Met ya New York iliachia picha za kazi zisizo na hakimiliki mwaka 2017, Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, wakafuata 2020, na tovuti ya Smarthistory inayofundisha historia ya sanaa ipo tangu 2005 na ni bure.

Ila kuipata picha mtandaoni hakukupi ruhusa ya kuichapisha, hili tumelisema sana. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unalinda kazi maisha yote ya msanii na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, nchi nyingi zimeenda mpaka 70, kwa hiyo kazi ya msanii aliye hai au aliyefariki juzi inahitaji kibali ukitaka kuitoa kwenye jarida au katalogi. Kibali kiwe cha maandishi, kitaje picha ipi na matumizi gani, uambatanishe.

Adhabu mzijue mapema. Ukileta kazi ya mwenzako, au picha iliyotengenezwa na programu ya akili bandia bila kusema, ombi linafutwa na jina linapelekwa kamati ya nidhamu, sisi hatuna uwezo wa kulizuia hapo. Ukipewa ruzuku, risiti halisi na ripoti fupi zinarudi ndani ya muda ulioandikwa kwenye barua yako, ukibadilisha matumizi omba kibali kabla hujatumia, sio baada, vinginevyo unadaiwa hela yote na msimu unaofuata huombi. Sio ukali wetu, mfadhili asipopata hesabu anaondoka na wanaokuja nyuma yenu wanakosa.

Barua ya mhadhiri iombeni wiki tatu kabla, mpeni na ombi lenyewe alisome, maana barua inayosema tu "ni mwanafunzi mzuri" haimsaidii mtu. Kama hujui uombe lipi njoo kitengoni na kazi zako hata kama hazijakamilika, tutazipitia pamoja kabla dirisha halijafungwa.