Je, wajua kwa nini mume au mke wako hawezi kukumalizia kila kitu uhamiaji?

Mwanamke amefika dirishani na bahasha. Ndani mna pasipoti ya mumewe, fomu iliyojazwa vizuri, picha na nakala ya cheti cha ndoa. Ofisa anapekua karatasi moja moja, kisha anauliza: "Mwenyewe yuko wapi?" Mwenyewe yuko kazini. Bahasha inarudishwa. Dirisha la jirani, mwanamume aliyeleta pasipoti ya mkewe anapokelewa, anapewa karatasi yake na kuondoka bila maswali mengi. Ofisi ni ileile na ndoa zote mbili ni halali. Mbona mmoja kapita na mwingine karudishwa?

Wanaoishi nchi za watu wanaijua hali hii. Kibali cha ukaazi kina safari nyingi: kuomba, kuongeza muda, kubadilisha anwani, kuchukua kadi. Mmoja hapewi ruhusa kazini, mwingine anaielewa zaidi lugha ya nchi, na polepole nyumba inapata mtu wake wa uhamiaji. Si jambo baya. Ila watu wengi hudhani kwamba cheti cha ndoa kinatosha kumfanya mwenzio awe wewe mbele ya serikali. Hakitoshi. Kinachoangaliwa dirishani ni aina ya shughuli: je, unaleta taarifa, unathibitisha kwamba mtu ndiye, au unatoa kauli ambayo sheria inaweza kukushika nayo? Taarifa inaweza kuletwa na mwingine. Hayo mawili ya mwisho kwa kawaida yanamtaka mwenyewe.

Thailand inaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko nchi nyingi. Sheria yake ya uhamiaji ya mwaka 1979, kifungu cha 37, inamtaka mgeni mwenye ruhusa ya kukaa kwa muda aijulishe ofisi anakoishi kila anapofikisha siku 90 mfululizo nchini. Fomu yake inaitwa TM.47. Inapokelewa kuanzia siku 15 kabla ya tarehe hadi siku 7 baada yake. Mgeni anaweza kwenda mwenyewe, kumtuma mtu, kuituma kwa posta ya rejista au kuijaza kwenye intaneti. Mume au mke akifika na pasipoti ya mwenzie na fomu iliyosainiwa, ofisa anaingiza taarifa kwenye mfumo, anachapa kipande cha karatasi chenye tarehe ya kuripoti tena, na kukibana kwa stepla ndani ya pasipoti. Basi. Hakuna aliyeuliza mwenyewe yuko wapi, kwa sababu fomu ile haimpi mtu haki yoyote mpya. Inasema tu: bado nipo, naishi hapa.

Sasa mtu huyohuyo akitaka kuongezewa mwaka mmoja wa kukaa kwa sababu ameoa au ameolewa na raia wa Thailand, anatumia fomu nyingine, TM.7, na mambo yanageuka. Anatakiwa afike mwenyewe, na mwenzi wake raia pia. Mume mgeni aliyeoa Mthai huangaliwa pia ushahidi wa fedha: akiba ya baht 400,000 benki, au kipato cha baht 40,000 kwa mwezi. Hapo serikali inaamua kama mtu huyu aendelee kukaa nchini au la, na haiwezi kuamua hivyo huku inamtazama mtu mwingine usoni.

Kuna jambo katika sheria hiyohiyo ambalo wengi hulipita. Kifungu cha 38 kinamtaka mwenye nyumba, au anayeisimamia nyumba, atoe taarifa ndani ya saa 24 baada ya mgeni kufika kukaa kwake. Kwa hiyo mke Mthai mwenye nyumba yake, anapokwenda kuripoti kwamba mumewe mgeni anaishi kwake, hamwakilishi mume hata kidogo. Anatimiza wajibu wake mwenyewe. Inafaa kulijua hili kabla ya kugombana nyumbani juu ya nani alipaswa kwenda.

Tukija kwenye alama za vidole, kwanza tuseme kwamba sehemu hii ni mpya kuliko watu wanavyofikiri. Vibali vya ukaazi vya Umoja wa Ulaya viliwekewa kanuni namba 380 ya mwaka 2008, iliyotaka kadi iwe na picha ya uso na alama za vidole viwili ndani ya chipu, hata kwa mtoto kuanzia miaka 6. Ujerumani ilianza kutoa kadi za namna hiyo tarehe 1 Septemba 2011. Kabla ya chipu, kibali kilikuwa stika ndani ya pasipoti. Baada yake, lazima mwili wenyewe ufike kwenye mashine, na upendo wa namna yoyote hauwezi kumpa mkeo vidole vyako. Lakini shughuli hiyohiyo ina nusu mbili. Vidole vikishachukuliwa na kadi ikachapwa, kilichobaki ni kukabidhi kitu kilichokwisha kutengenezwa, na ofisi nyingi za Ujerumani humkabidhi mtu aliyekuja na idhini ya maandishi ya mwenye kadi, pamoja na pasipoti. Safari moja ni yako, inayofuata inaweza kuwa ya mwenzio. Visa ya muda mfupi ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zenye visa ya pamoja, inafuata mantiki hiyo pia: ukishatoa alama za vidole, zinaweza kutumika tena kwa maombi yatakayofuata ndani ya miezi 59, na ndiyo maana mwombaji wa mara ya pili wakati mwingine hahitaji kuonekana.

Hizo ni sababu za kiufundi. Ipo nyingine ya zamani zaidi, na kwangu ndiyo yenye uzito.

Zamani serikali zilikubali kabisa kwamba mume anaweza kumbeba mke kisheria. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika nchi nyingi mke aliandikwa ndani ya pasipoti ya mumewe, na hakuweza kusafiri nayo bila mume huyo. Hata uraia ulifuata ndoa. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1907 iliyomvua uraia Mmarekani mwanamke aliyeolewa na mgeni, hata kama hajawahi kutia mguu nchi ya mumewe. Sheria ya mwaka 1922 ilianza kulirekebisha hilo, hatua kwa hatua. Mwaka 1957 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba kuhusu uraia wa wanawake walioolewa, unaosema kwamba kuolewa, kuachika, au mume kubadili uraia wake hakubadilishi uraia wa mke moja kwa moja. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, nalo likasukuma kanuni ya pasipoti moja kwa mtu mmoja. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 26 Juni 2012 hata mtoto mchanga hawezi tena kusafiri kwa jina lililoandikwa kwenye pasipoti ya mzazi.

Kwa hiyo ofisa anapouliza "mwenyewe yuko wapi?", swali linaudhi, na foleni imeshakula asubuhi nzima. Lakini nyuma yake kuna kanuni iliyopatikana kwa shida: kila mtu mzima ana faili lake, saini yake na neno lake. Ingekuwa rahisi kwa mume kumalizia kila kitu cha mkewe, ingekuwa rahisi vilevile kumfutia maombi yake bila yeye kujua.

Jambo hili linaonekana wazi kwenye kauli na saini. Mwisho wa karibu kila fomu ya uhamiaji kuna maneno ya kuthibitisha kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Mwenzio anaweza kukujazia kila kisanduku, akakutafsiria, akakupangia viambatisho. Asikusainie. Saini ya mwenzi kwa jina lako ni kughushi, hata kama ulimwomba kwa simu na mkakubaliana kila neno. Nimeona watu wenye haki zote wakiingia kwenye matatizo makubwa kwa ajili ya mstari mmoja wa wino, na inauma kwa sababu kuepuka kulikuwa rahisi.

Kwenye usaili na kwenye maombi ya pamoja ndiko mwenzi hawezi kabisa kushika nafasi yako. Marekani, ndoa ikiwa haijafikisha miaka 2 siku mtu anapopewa ukaazi wa kudumu, ukaazi huo unakuwa wa masharti kwa miaka 2. Utaratibu huo ulitokana na sheria ya mwaka 1986 dhidi ya ndoa za kubuni. Ndani ya siku 90 za mwisho, wenzi wawili wanaomba pamoja masharti yaondolewe, kwa fomu I-751 yenye saini zote mbili. Mwaka 1994 sheria ikaongeza mlango mwingine kwa anayenyanyaswa na mwenzi aliye raia au mkaazi wa kudumu: anaweza kuomba mwenyewe, bila mwenzi huyo kuhusishwa wala kujulishwa. Aliyezoea kuachia kila kitu mikononi mwa mwenzie huenda asijue hata kama mlango huo upo.

Na hata pale ambapo hakuna cha kusaini, mwenzi anaweza kunyimwa jibu la swali dogo kama "faili la mume wangu limefikia wapi?" Sababu yake ni usiri wa taarifa binafsi. Faili ni la mwombaji, na ndoa haimfungulii mwenzi kabati. Ndiyo maana nchi kadhaa zina fomu maalumu za kumtaja mtu wa kukusemea. Kanada inatumia IMM 5476 kumteua mwakilishi, na IMM 5475 kuruhusu tu apewe taarifa zako. Australia inayo 956A, ya kumteua mtu wa kupokea barua zako. Ukizijaza mapema, mwenzio anaacha kuwa mtu wa pembeni na ofisi inalazimika kumtambua.

Hapa mwenzi ana nafuu moja ambayo mtu wa kulipwa hana. Kanada inamruhusu ndugu au rafiki akuwakilishe mradi hapokei malipo, lakini anayelipwa lazima awe mwanasheria au mshauri mwenye leseni, au mwingine aliyeruhusiwa na sheria. Uingereza, sheria ya mwaka 1999 ya uhamiaji na hifadhi inafanya kuwa kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji kama biashara bila kuidhinishwa. Mkeo anayekusaidia jikoni usiku hafanyi biashara. Yule jamaa wa mtaani anayesema "nipe hela, naifahamu ofisi ile" ndiye wa kumkwepa.

Kama safari ni ya aina inayoruhusu kutumwa, basi ifanyike sawasawa. Ulizia kwanza ofisi husika, maana hata ndani ya nchi moja tawi hili hukubali na lile hukataa. Barua ya idhini iwe na majina kama yalivyo kwenye pasipoti zenu, herufi kwa herufi, na namba za pasipoti. Itaje kazi mahsusi: "kuchukua kadi yangu ya ukaazi", si "kushughulikia mambo yangu yote". Barua inayoruhusu kila kitu humtia ofisa wasiwasi, na mnapokosana wenyewe inakuwa hatari. Tarehe iwepo, saini ifanane na ya pasipoti, na mwenzio abebe kitambulisho chake halisi. Shughuli kubwa huhitaji hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na mthibitishaji wa hati, na kama imetengenezwa nchi nyingine, huenda ikahitaji apostili, muhuri unaotambulika kati ya nchi zilizojiunga na mkataba wa Hague wa mwaka 1961.

Pasipoti yako ikienda ofisini na mwenzio, wewe umebaki bila kitambulisho ugenini. Baki na nakala yake, na picha ya kurasa muhimu kwenye simu. Akirudi, soma mwenyewe muhuri au kadi mpya: tahajia ya jina, tarehe ya mwisho, masharti ya kazi. Zinakili tarehe hizo mahali pako. Nalisisitiza hili kwa sababu mwenzi anaweza kulazwa, kusafiri, au ndoa kuyumba, na kibali kikiisha ofisi itakutafuta wewe. "Mume wangu ndiye alikuwa anashughulikia" ni jibu la kweli ambalo halikuokoi.

Ugonjwa na ulemavu vina utaratibu wake, na mwenzi ana nafasi kubwa hapo. Japani, mwombaji anatakiwa kimsingi kufika mwenyewe, lakini akiwa mgonjwa, jamaa yake au anayeishi naye anaweza kwenda badala yake, akiwa na cheti cha daktari. Marekani, mtu asiyeweza kutoka nyumbani anaweza kuomba maofisa wamfuate kumchukua alama za vidole alipo. Ombi hilo lifike kabla ya siku ya miadi, kwa sababu asiyetokea bila taarifa anaweza kuhesabiwa kuwa ameacha maombi yake.