Je, wajua shemasi alianzia kwenye chakula cha wajane?

Ukiuliza shemasi ni nani, Wakatoliki na Waanglikana wengi watakujibu: ni mtu anayesubiri upadre. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi. Nilimwona altareni, stola, kile kitambaa kirefu cha ibada, imepita mshazari kutoka bega la kushoto, anasoma Injili, na mwaka unaofuata anapewa upadre. Nikajua hiyo ni ngazi tu.

Jina lenyewe linasema vingine. "Shemasi" limetufikia kutoka Kiarabu, nacho kililipata kwa Wakristo wa kale wa Syria, na maana yake ni mtumishi. Ndiyo maana pia ya neno la Kigiriki, diakonos. Katika Kigiriki cha Agano Jipya, Fibi, mwanamke wa kanisa la Kenkrea, anaitwa kwa neno hilohilo katika Warumi 16:1, ila Biblia ya Union imeandika "mhudumu", wakati katika Wafilipi 1:1 imeandika "mashemasi". Msomaji hawezi kujua kwamba ni neno moja.

Chanzo chake kwa kawaida hutajwa kuwa Matendo 6. Wajane waliozungumza Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, wakachaguliwa watu saba "kuhudumu mezani". Lakini tuseme kweli: Luka hawaiti hao saba mashemasi, mapokeo ndiyo yaliyowaita hivyo. Na Stefano, mmoja wao, aliuawa kwa sababu ya mahubiri, si kwa kugawa mkate.

Kilichonivutia zaidi ni namna kazi ilivyokwenda. Mnamo mwaka 155 hivi, huko Roma, Justin, mwandishi Mkristo, anaeleza kwamba Jumapili mashemasi waliwapelekea Ekaristi wasiokuwapo, na sadaka ikawekwa kwa kiongozi ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Fikiria mchango wa msiba mtaani. Mtunza fedha anajua kiasi kilichomo, lakini hajui nyumba ipi jana haikuwasha moto. Anayejua ni yule aliyepita mlango kwa mlango: amekaa ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa, ameona sufuria imefunikwa kifudifudi. Justin hasemi kwamba mashemasi ndio waliogawa fedha. Ila mwongozo wa kanisa ulioandikwa Syria katika karne ya 3 unataka shemasi awe sikio la askofu na kinywa chake, na sikio haliwezi kukaa altareni siku zote.

Mwaka 251 Kornelio, askofu wa Roma, aliandika kwamba kanisa lake lina makasisi 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Ni zaidi ya 200 kwa kila shemasi, ingawa walikuwa na wasaidizi.

Katika Zama za Kati, kanisa la Magharibi liliugeuza ushemasi kuwa hatua ya kupita tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1964 uliruhusu tena mashemasi wa kudumu, hata wenye ndoa. Waprotestanti walikuwa wameanza mapema, tena na wanawake: mwaka 1836, mjini Kaiserswerth, Ujerumani, mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walifungua nyumba ya kuwafunza wanawake kuuguza wagonjwa maskini. Florence Nightingale, muuguzi maarufu wa Uingereza, alikwenda kujifunza huko mwaka 1851. Wanawake waliofunzwa huko waliitwa kwa Kijerumani Diakonissen, jina lililotoka katika neno lilelile la Fibi.