Jozi Isiyokuwepo: Dhana Potofu kuhusu Fomula na Majina ya Kampaundi za Ioni

Mwanafunzi wa Malindi aliyewahi kufika Gongoni au Marereni akayaona mabwawa ambamo maji ya bahari hukaushwa kwa jua hadi chumvi ikaganda, aghalabu huamini kwamba fomula NaCl ina maana ya sodiamu moja iliyoshikana na klorini moja, jozi kwa jozi. Sivyo. Ndani ya punje ya chumvi kila ioni ya sodiamu, yaani atomi yake yenye chaji ya umeme, imezungukwa na ioni sita za kloridi (ioni za klorini), na kila ya kloridi na sita za sodiamu, hata isiwezekane kuonyesha ni ipi mwenza wa ipi. Fomula hutaja uwiano tu, nao ni moja kwa moja kwa kuwa chaji +1 na chaji −1 hufutana.

Asiyelijua hilo huishika mbinu ya kuvusha namba za chaji, ya huku ikaenda kule, akaandika oksidi ya magnesiamu, yenye chaji +2 na −2, kuwa Mg₂O₂. Mbinu hiyo siikatai, lakini kinachotakiwa ni uwiano mdogo kabisa, yaani MgO. Kloridi ya magnesiamu, ambayo ikibaki katika chumvi ya bahari isiyosafishwa huvuta unyevu hadi chumvi ikatota koponi wakati wa masika, ni MgCl₂, kwani magnesiamu yenye chaji +2 huhitaji kloridi mbili. Wapo wanaoiita “dikloridi”. Hakuna haja: chaji zikishajulikana, idadi hujulikana pia, ndiyo maana jina halitaji idadi hiyo.

Penye utata zaidi ni chuma, ambacho huweza kuwa na chaji +2 au +3. Katika jina oksidi ya chuma (III), iliyomo katika kutu ya misumari ya jahazi (kutu yenyewe huwa na maji pia), namba ya Kirumi hudhaniwa kuhesabu atomi, ilhali hutaja chaji ya kila ioni ya chuma. Fomula yake ni Fe₂O₃: chuma mbili zenye jumla ya +6, oksijeni tatu zenye −6.

Mabano nayo hudhaniwa kuwa pambo. Chokaa iliyokwisha kutiwa maji, tayari kupakwa ukutani, ni Ca(OH)₂, kwa kuwa haidroksidi (OH) ni ioni moja yenye atomi mbili, na hapa zimo ioni mbili nzima. Ukiandika CaOH₂, umeongeza hidrojeni peke yake, na oksijeni ya pili imeachwa nje.